Ukumbi wa Bunge la Makabwela la Uingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi huuona ukumbi huu kwa mara ya kwanza kwenye televisheni, Jumatano saa sita mchana kwa saa za London, Waziri Mkuu anapojibu maswali. Mabenchi ya kijani yamebanana, watu wazima wanazomeana kama wako uwanjani, na mtu mmoja mwenye joho jeusi anawaamuru wanyamaze. Baada ya hapo maswali huwa ni yale yale. Tumeanza na ya msingi, na yale ya ajabu tumeyaweka mwishoni. Pale jibu linapogusa jambo lililoelezwa kwingine, tumekuelekeza huko badala ya kulirudia.

## Jengo na viti

Bunge la Makabwela ni lipi hasa?

Bunge la Uingereza lina mabaraza mawili ndani ya Kasri la Westminster, kando ya mto Thames. Bunge la Makabwela lina wabunge 650, kila mmoja amechaguliwa jimboni kwake. Bunge la Malodi lina watu wasiochaguliwa na wananchi. Serikali huundwa kutokana na wingi wa viti katika lile la Makabwela, na ndiko Waziri Mkuu anakobanwa kwa maswali.

Jina "makabwela" lisikupotoshe. Ni tafsiri iliyozoeleka katika Kiswahili ya jina linalowatofautisha watu wa kawaida na makabaila, lakini ndani yake wamekaa mawakili, mabepari na watoto wa matajiri kwa karne nyingi.

Kwa nini pande mbili zinakaa zikitazamana badala ya kumtazama Spika?

Kwa sababu ukumbi wao wa kwanza wa kudumu ulikuwa kanisa. Katikati ya karne ya 16, enzi za Mfalme Edward VI, wabunge walipewa Kanisa la Mtakatifu Stefano lililokuwa ndani ya Kasri. Mabenchi ya waimbaji yalikuwa yamepangwa pande mbili yakitazamana, nao wakakaa humo humo. Kiti cha Spika kikawekwa mbele, upande wa madhabahu. Inasemekana hata desturi ya mbunge kuinamisha kichwa kuelekea kwenye Kiti anapoingia ni mabaki ya kuisujudia madhabahu.

Kanisa hilo liliteketea katika moto wa tarehe 16 Oktoba 1834 uliounguza sehemu kubwa ya Kasri. Charles Barry na Augustus Pugin walipojenga upya walikuwa na nafasi ya kubadili kila kitu. Hawakubadili. Ukumbi mpya ukaigiza kanisa lililoungua, na uliofuata baada yake ukaigiza ule. Kwa maneno mengine, waliorithi mpangilio huu kwa bahati tu waliuchagua tena kwa makusudi, mara mbili.

Wabunge ni 650. Kwa nini viti ni 427 tu?

Hili si kosa la fundi. Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Mei 1941 mabomu ya Ujerumani yaliusambaratisha ukumbi. Wabunge wakahamia ukumbi wa Malodi, na Malodi wakajibana katika chumba kingine. Tarehe 28 Oktoba 1943, vita ikiwa bado inaendelea, mjadala wa ujenzi ukafanyika, na Winston Churchill akatetea mambo mawili: ukumbi uwe wa mstatili, na usiwe na nafasi ya kuwatosha wabunge wote.

Hoja yake ilikuwa hivi. Ukumbi wa nusu duara humruhusu mtu kusogea kidogo kidogo kutoka upande mmoja hadi mwingine bila aibu, lakini kwenye ukumbi wa pande mbili, kuhama ni kuuvuka uwanja mbele ya macho ya wenzako. Na ukumbi mkubwa unaowatosha wote huwa mtupu siku nyingi, na mtu hawezi kujadili vizuri mbele ya viti vitupu. Ukiwa mdogo, mazungumzo hubaki mazungumzo, na siku ya jambo zito watu husimama hadi mlangoni, kila mtu akajua kuwa leo pana jambo. Humo ndimo alimosema kwamba sisi huyaunda majengo yetu, kisha majengo yetu hutuunda sisi.

Churchill alishinda. Msanifu Giles Gilbert Scott akachora ukumbi wenye urefu wa takriban mita 21 na upana wa mita 14, na wabunge wakaingia tarehe 26 Oktoba 1950. Unaweza kubishana na Churchill kuhusu nusu duara, na Wafaransa, ambao ukumbi wao una umbo hilo, wana mengi ya kumjibu. Kuhusu udogo, hata hivyo, ukiutazama ukumbi ukiwa umefurika kisha ukatazama mabunge yenye safu kumi za viti vitupu, unamwelewa.

Nani anakaa wapi?

Ukiwa umesimama mlangoni ukimtazama Spika, yeye yuko mwisho wa ukumbi, juu kidogo. Mkono wake wa kulia wanakaa wabunge wa chama kinachotawala, na mkono wake wa kushoto wapinzani. Mawaziri wako benchi la mbele kabisa la upande wao, na mkabala nao wapo mawaziri kivuli wa upinzani. Wengine wote ni wabunge wa viti vya nyuma. Kila upande umekatwa katikati na njia nyembamba ya ngazi. Vyama vidogo vya upinzani kwa kawaida hukaa ng'ambo ya njia hiyo, mbali na Spika.

Mbele ya Spika ipo Meza. Makatibu wa Bunge hukaa kwenye kichwa chake, na juu yake hulazwa siwa, rungu la mamlaka ya Bunge. Kila upande wa Meza lipo sanduku la mbao ambalo Waziri Mkuu na kiongozi wa upinzani huliegemea wanapozungumza. Ndani ya masanduku hayo hutunzwa vitabu vitakatifu vya kulia kiapo.

Hakuna mbunge mwenye kiti chake rasmi. Anayetaka uhakika huwahi asubuhi na kuweka kadi ndogo yenye jina lake kwenye kiti anachokitaka. Kadi hiyo inamfunga kuhudhuria sala (tazama "Kikao huanzaje?"). Njia hiyo imewafanya watu wengi wawe wacha Mungu siku za Jumatano.

Ile mistari miwili myekundu sakafuni ni ya nini?

Kila upande una mstari mwekundu kwenye zulia, na mbunge anayezungumza akiwa benchi la mbele haruhusiwi kuuvuka. Akikanyaga upande wa pili, wenzake humzomea hadi arudi. Waongozaji wa wageni hupenda kusema kwamba umbali kati ya mistari hiyo ni urefu wa panga mbili na ushee, ili wapinzani wasichomane.

Ni hadithi tamu, ila ushahidi wake ni hafifu. Hakuna kumbukumbu ya wakati wowote ambapo wabunge waliruhusiwa kuingia ukumbini na panga. Kazi ya mistari yenyewe, hata hivyo, ni ya kweli: inamzuia mtu mwenye hasira asimsogelee mwenzake.

Kwa nini kila kitu ni cha kijani?

Ni rangi ya Makabwela tangu karne ya 17, na Malodi wana nyekundu. Sababu ya awali haijulikani kwa hakika. Leo rangi hizo hutumika kama alama za njiani ndani ya Kasri: zulia likigeuka kutoka kijani kuwa jekundu, umeingia upande wa Malodi. Mabunge mengi ya nchi zilizotawaliwa na Waingereza yameziiga.

Ni kweli samani zilitolewa kama zawadi na nchi nyingine?

Kweli. Ukumbi ulipojengwa upya baada ya vita, nchi za Jumuiya ya Madola na makoloni zilichangia. Kiti cha Spika kilitoka Australia, Meza Kanada, yale masanduku mawili New Zealand, na milango ya kuingilia India na Pakistan. Jamaika ilitoa kizuizi cha mlangoni, ambacho tutakutana nacho tena kwenye swali la wageni.

Tao la mlangoni, hata hivyo, halikuletwa na mtu. Ni mawe yale yale yaliyopigwa mabomu mwaka 1941, yakarudishwa na majeraha yake kwa ombi la Churchill mwenyewe. Leo linaitwa kwa jina lake.

Mbona baadhi ya wabunge wanaonekana wamelala?

Wengine wamelala kweli. Lakini mara nyingi wanasikiliza. Vipaza sauti vinaning'inia kutoka darini, na spika ndogo zimefichwa ndani ya migongo ya mabenchi. Kelele zikizidi, mbunge hujilaza upande na kutega sikio kwenye mbao. Kamera hazijui tofauti.

Ngao ndogo zilizo ukutani ni za akina nani?

Za wabunge waliouawa: walioanguka katika vita kuu mbili za dunia, na wale waliouawa baadaye kwa ajili ya kazi yao. Miongoni mwao ni Airey Neave aliyeuawa kwa bomu mwaka 1979 akitoka kwenye maegesho ya Bunge lenyewe, Jo Cox aliyeuawa jimboni kwake Juni 2016, na David Amess aliyechomwa kisu Oktoba 2021 akiwa anasikiliza shida za wananchi.

## Spika na siwa

Spika ana madaraka gani?

Anaamua nani azungumze, anasimamia kanuni na anaweza kumtoa mbunge nje. Akishachaguliwa hujiuzulu uanachama wa chama chake na hapigi kura, isipokuwa kura zikifungana (tazama swali hilo chini). Wenzake wa zamani humwona kuwa amehama familia, jambo ambalo ndilo lililokusudiwa.

Jina la cheo linaeleza asili yake. Alikuwa msemaji wa wabunge mbele ya mfalme, yule aliyepeleka ujumbe usiopendwa. Maspika kadhaa wa zamani walikatwa vichwa. Ndiyo maana hadi leo Spika mpya huburutwa na wenzake wawili hadi kwenye Kiti huku akijifanya hataki. Watazamaji hucheka. Kwa waliomtangulia katika karne ya 15 haukuwa mchezo wa kuigiza.

Siwa ni nini, na kwa nini Kiswahili kinaiita hivyo?

Siwa ya Makabwela ni rungu la fedha lililopakwa dhahabu, lina urefu wa karibu mita moja na nusu, na ni la enzi za Charles II, karne ya 17. Mpambe wa Bunge hulibeba begani kila siku kikao kinapoanza na kulilaza juu ya Meza. Linawakilisha mamlaka ya Mfalme ambayo wabunge wanayatumia. Lisipokuwepo, Bunge haliwezi kuketi wala kupitisha sheria. Bunge likigeuka kuwa Kamati ya Bunge Zima, yaani wabunge wote wakiketi kama kamati, Spika hushuka kwenye Kiti na siwa hushushwa kwenye vishikio vilivyo chini ya Meza. Anayeingia amechelewa huijua hali ya kikao kwa kutazama siwa iko wapi.

Jina la Kiswahili linapendeza kuliko la Kiingereza. Siwa ya asili si rungu, ni baragumu kubwa la kupulizwa kwa ubavuni. Mbili mashuhuri ni ile ya pembe za ndovu ya Pate na ile ya shaba ya Lamu. Zilikuwa vyombo vya watawala, zikitolewa kwenye sherehe za wenye mji. Waliotafuta jina la rungu la Bunge walichukua jina la kitu ambacho tayari kilikuwa alama ya dola katika mwambao. Tofauti ni kwamba siwa yetu ilitoa sauti na ya Westminster hukaa kimya.

Mtu akiinyakua siwa inakuwaje?

Imetokea mara kadhaa, na kila mara ukumbi hushika pumzi. Aprili 1653 Oliver Cromwell aliingia na askari, akalivunja Bunge na kuamuru rungu hilo liondolewe, akiliita kitu cha kuchezea wajinga. Lile la wakati wake silo lililopo sasa.

Tarehe 27 Mei 1976, baada ya serikali kushinda kwa kura moja na wabunge wa chama cha Labour kuanza kuimba, Michael Heseltine wa chama cha Conservative aliinua siwa na kuwaelekezea. Kesho yake aliomba radhi. Mwaka 1988 Ron Brown wa Labour aliitupa chini ikaharibika. Akasimamishwa na kudaiwa gharama ya matengenezo. Mwaka 2009 John McDonnell aliihamisha kutoka mahali pake, akipinga upanuzi wa uwanja wa ndege wa Heathrow, akasimamishwa siku tano. Desemba 2018, kura kuhusu mkataba wa Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, ilipoahirishwa, Lloyd Russell-Moyle aliibeba kuelekea mlangoni, akazuiwa na wahudumu waliompokonya kwa upole kabisa.

Kwa nini wote waliikimbilia siwa badala ya kupindua viti? Kwa sababu waliijua maana yake. Kuiondoa ni kusema kwamba kinachoendelea humu hakina tena uhalali. Ni matusi ambayo hayahitaji neno hata moja.

Nani anaruhusiwa kuwa na upanga ukumbini?

Mpambe wa Bunge peke yake. Wengine wakitaka, kwenye chumba cha kutundikia makoti kila mbunge ana utepe wa rangi ya waridi wa kuning'iniza upanga wake. Siku hizi hutumika kwa miavuli. Kuvaa deraya Bungeni kulikatazwa kwa sheria ya mwaka 1313.

## Kikao cha kawaida

Kikao huanzaje?

Kwa msafara. Spika hutoka ofisini kwake akitanguliwa na Mpambe aliyebeba siwa, akifuatwa na mbeba joho, kasisi na katibu wake. Wakifika ukumbi mkubwa wa kati, mkaguzi wa polisi hupaza sauti akiwaamuru wageni wavue kofia, na polisi wenyewe huvua zao.

Kisha milango hufungwa kwa ajili ya sala fupi inayoongozwa na kasisi. Hakuna kamera wala wageni. Wabunge husimama, halafu hugeuka na kutazama ukuta ulio nyuma yao. Inadaiwa kwamba zamani walipiga magoti kwenye mabenchi kwa sababu panga zilizuia kupiga magoti mbele. Lakini tumeshasema panga hazikuwa zinaingia, kwa hiyo dai hilo lichukue na chumvi yake.

Kwa nini hawaitani kwa majina?

Kila neno linaelekezwa kwa Spika. Mbunge akisema "wewe", kwa kanuni amemwambia Spika. Mwenzake wa chama humwita rafiki yangu mheshimiwa, na wa chama kingine humwita mheshimiwa mbunge wa jimbo fulani. Ni Spika tu anayetaja majina, anapowaita kuzungumza. Kumtaja mbunge aliyekaidi amri ni hatua kali zaidi: husababisha kusimamishwa siku tano kwa kosa la kwanza na ishirini kwa la pili ndani ya kikao hicho cha mwaka.

Aliyezoea kusikia "Mheshimiwa Spika, kupitia Kiti chako" anaijua mbinu hii. Hasira ikilazimishwa kupita kwa mtu wa tatu, hupungua ukali njiani. Jaribu kugombana na jirani kwa kumtuma mzee mmoja awe anapeleka kila sentensi, uone.

Maneno gani yamekatazwa?

Kubwa ni kumwita mwenzako mwongo. Hata ukiwa na ushahidi mkononi, Spika atakutaka ufute kauli, na ukikataa utatoka. Julai 2021 Dawn Butler alitolewa kwa kusema Waziri Mkuu wa wakati huo alikuwa amelidanganya Bunge mara nyingi. Januari 2022 ikamkuta Ian Blackford kwa kauli ya namna hiyo hiyo.

Wengi huiona kanuni hii kama ngao ya waongo, na hawajakosea sana. Upande wa pili ni kwamba Bunge lenyewe lina taratibu za kumchunguza mbunge aliyelipotosha. Kinachokatazwa ni kulitupa shitaka hilo katikati ya mabishano, si kulileta.

Kwa nini hawapigi makofi?

Desturi inakataza. Wanaounga mkono husema "sikieni, sikieni" kwa mngurumo usioeleweka, na wapinzani huguna. Wabunge wa SNP, chama cha kitaifa cha Uskoti, walipopiga makofi Mei 2015, Spika John Bercow aliwakanya. Lakini tarehe 27 Juni 2007 Tony Blair alipomaliza maswali yake ya mwisho, ukumbi ulisimama na kumpigia makofi, na hakuna aliyekanywa.

Kura hupigwaje?

Kwanza kwa sauti. Ikiwa matokeo yanabishaniwa, kengele hulia jengo zima, na hata kwenye baadhi ya baa na mikahawa ya jirani. Wabunge wana dakika nane za kufika kabla milango haijafungwa. Wanaokubali hupita kwenye chumba kirefu kilicho upande wa kulia wa Spika, wanaokataa upande wa kushoto, wakihesabiwa wanapotoka. Wahesabu kura wanne, wawili kwa kila upande, hurudi na kujipanga mbele ya Meza. Ukiona nani kasimama kulia, umeshajua nani kashinda kabla namba hazijasomwa.

Kwa nini wasibonyeze kitufe? Wabunge wenyewe hujibu kwamba foleni ya kura ndiyo nafasi pekee ya mbunge wa kawaida kumvuta waziri kando na kumweleza shida ya jimbo lake. Viranja, wabunge wanaosimamia nidhamu ya vyama vyao, nao wanaipenda kwa sababu wanaona kila anayepita wapi. Wakati wa janga la korona njia nyingine zilijaribiwa, na kilichobaki hasa ni mashine za kusoma vitambulisho mlangoni.

Kura zikifungana?

Spika huamua, lakini si kwa utashi wake. Msingi ulioachwa na Spika Denison wa karne ya 19 ni kwamba Spika asiunde wingi ambao haupo: apige kura kuruhusu mjadala uendelee, au kubakiza hali ilivyo. Tarehe 3 Aprili 2019, katika vurumai za Brexit, kura zilikuwa 310 kwa 310, na Bercow akakataa hoja kwa msingi huo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 1993.

## Siku ya Mfalme kufungua Bunge

Kwa nini mlango unafungwa kwa kishindo usoni mwa mjumbe wa Mfalme?

Tarehe 4 Januari 1642 Charles I aliingia ukumbini na askari kuwakamata wabunge watano. Walikuwa wameshatoroka. Akamuuliza Spika, William Lenthall, wako wapi. Lenthall akapiga magoti na kujibu kwamba hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema mahali hapo, ila kwa jinsi Bunge litakavyomwelekeza. Mfalme akaondoka mikono mitupu. Mwaka huo huo vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, na mwaka 1649 Charles akakatwa kichwa.

Tangu siku hiyo hakuna mfalme wala malkia aliyeingia humo Bunge likiwa limeketi. Ndiyo maana hotuba ya ufunguzi husomwa katika ukumbi wa Malodi. Mfalme humtuma Mshika Fimbo Nyeusi kuwaita Makabwela, na anapokaribia, mlango hubamizwa. Hugonga mara tatu kwa fimbo yake, ndipo afunguliwe. Wabunge huondoka wawili wawili, wakipiga soga kwa sauti na bila haraka. Sarah Clarke, aliyeshika wadhifa huo mwaka 2018, alikuwa mwanamke wa kwanza kubamiziwa mlango.

Ni kweli mbunge mmoja huwekwa mateka?

Ndiyo. Mbunge mmoja, kwa kawaida kutoka miongoni mwa viranja wa serikali, hubaki Kasri la Buckingham hadi Mfalme arudi salama. Hupewa kinywaji na televisheni. Mapema siku hiyo walinzi wa Mfalme hupekua vyumba vya chini ya ardhi, kwa kumbukumbu ya baruti iliyokutwa humo Novemba 1605.

Kwa nini Bunge husoma muswada mwingine kabla ya kujadili hotuba ya Mfalme?

Hii ndiyo desturi ninayoipenda kuliko zote, na haionekani kwenye picha. Wabunge wakirudi ukumbini, kabla ya kuigusa hotuba, husomewa jina la muswada wa zamani wa kuzuia watu kutangazwa kwa siri kuwa nje ya ulinzi wa sheria. Haujadiliwi, haupigiwi kura, wala hakuna anayetaka upite. Lengo ni kuonyesha kwamba Makabwela wana haki ya kuanza na shughuli yao wenyewe, Mfalme asubiri. Mlango uliobamizwa ni kelele. Huu ni ukaidi wa karatasi, na una makali zaidi.

## Wageni

Mtu wa kawaida anaweza kuingia?

Anaweza kukaa kwenye roshani ya juu. Tangu 2004 sehemu kubwa yake imetenganishwa na ukumbi kwa kioo; Mei mwaka huo huo, kutoka viti vya mbele ya kioo, waandamanaji walimrushia Tony Blair unga wa zambarau. Sakafuni haruhusiwi kuvuka mstari mweupe ulio mlangoni, palipo na kile kizuizi cha Jamaika. Hapo ndipo zamani walipoitwa watu kukaripiwa. Wa mwisho asiye mbunge alikuwa mhariri wa gazeti, John Junor, mwaka 1957.

Kwa karne nyingi lugha rasmi ya Westminster iliwaita watazamaji "watu baki", na mbunge mmoja aliyetamka kuwa amewaona aliweza kusababisha wafukuzwe wote. Kanuni hiyo iliondolewa 1998, na jina lenyewe 2004. Kiswahili kimekuwa kikisema "wageni" tangu mwanzo, neno la kukaribisha.

Wanawake walitazama wapi?

Nyuma ya wavu wa chuma, ili wasiwababaishe wanaume. Oktoba 1908 wanaharakati wawili wa haki ya kura walijifunga kwa minyororo kwenye wavu huo, na kwa kuwa minyororo haikufunguka, ikabidi wang'olewe pamoja na wavu. Uliondolewa moja kwa moja 1917. Miaka miwili baadaye, tarehe 1 Desemba 1919, Nancy Astor aliketi ukumbini kama mbunge.

## Maswali ya pembeni

Mbunge anaweza kuingia na mtoto mchanga?

Jibu limekuwa likiyumba. Septemba 2018 Jo Swinson aliketi kwenye mjadala na mwanawe aliyelala, na alisifiwa. Novemba 2021 Stella Creasy aliandikiwa barua kwamba haruhusiwi. Baada ya kelele, suala lilipelekwa kwenye kamati, na mwaka 2022 ikashauri katazo libaki.

Ile kofia ya kukunjwa ilikuwa ya nini?

Zamani, aliyetaka kulalamikia utaratibu wakati kura zikiendelea ilimbidi azungumze akiwa ameketi na amevaa kofia, ili Spika amwone. Kofia zilipopitwa na wakati, Bunge likaweka moja ya kukunjwa, ikirushwa kutoka mkono hadi mkono kama mpira. Ilifutwa 1998, na hakuna aliyeilalamikia.

Ugoro wa bure bado upo?

Upo, mlangoni, kwa mbunge yeyote anayetaka. Uvutaji ulipigwa marufuku ukumbini karne ya 17, na ugoro ukawa mbadala.

Ni kosa la jinai kufa ndani ya Bunge?

Hapana. Sheria hiyo inatajwa sana mitandaoni na haijawahi kuwepo. Waziri Mkuu Spencer Perceval alipigwa risasi kwenye ukumbi wa kuingilia tarehe 11 Mei 1812 na akafa ndani ya jengo hilo hilo. Aliyeshitakiwa ni muuaji.